Mtoto, Mtungi wa Hewa na Mwezi

Riwaya ya kwanza ya Jules Verne kuchapishwa ilianzia safari yake Zanzibar. Ilitoka Paris mwaka 1863, ikisimulia wiki tano za watu watatu kutoka Uingereza wakiwa angani ndani ya puto: Dakta Fergusson, rafiki yake Kennedy ambaye ni mwindaji, na mtumishi wake Joe. Wanafika Unguja kwa meli, wanalijaza puto lao haidrojeni, upepo unawachukua hadi bara. Wanapita juu ya Kazeh, kituo cha misafara ambacho leo tunakijua kwa jina la Tabora, wanaliona ziwa la Nyanza, wanavuka jangwa, na safari inakwisha Senegal.

Msomaji wa pwani akikishika kitabu hicho leo anapata raha na maumivu kwa pamoja. Raha ni ya kuukuta mji anaoujua katika ukurasa wa kitabu kilichoanzisha kazi ya mmoja wa waasisi wa bunilizi ya kisayansi duniani. Maumivu yanatokana na nafasi waliyopewa wenyeji. Watu wa Unguja, mji ambao manahodha wake walisoma nyota na kuupanga mwaka kwa kaskazi na kusi, wanaandikwa kama umati unaotaka kuzuia safari kwa kuwa puto litalikosea adabu jua na mwezi, na inabidi lirushwe kutoka kisiwa kidogo cha pembeni. Wa Kazeh wanaliona puto wakadhani ni mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza. Verne alikuwa hajafika huku. Alikuwa na maandishi ya wapelelezi mezani, akaazima pamoja na ramani zao dharau yao.

Hata hivyo sikitupi kitabu hicho, na sababu yangu ni sura chache za jangwani. Puto la Fergusson hupanda kwa kuipasha moto gesi iliyo ndani yake. Moto huo unalishwa na maji, ambayo umeme wa betri huyatenga yakawa haidrojeni na oksijeni. Sasa upepo umekufa, maji yamebaki kidogo, na yanadaiwa na wawili: koo za wasafiri, na moto ambao peke yake ndio unaoweza kuwainua wakatafute upepo mwingine juu. Kila kikombe kinachonywewa kinapunguza urefu ambao puto lingeweza kupanda. Hakuna jini hapo, wala adui mwenye panga. Kuna hesabu, na hesabu haimwangalii mtu usoni.

Hapo ndipo ninapoiona mbegu ya aina yote ya vitabu ninavyovizungumzia, bunilizi ya kisayansi ya watoto. Mwaka uliofuata, 1864, mchapishaji wa Verne, Pierre-Jules Hetzel, alianzisha jarida la kuelimisha na kuburudisha vijana na familia zao, na hadithi nyingi za Verne zikawa zinatoka humo kipande kwa kipande. Riwaya ya safari za kisayansi ikawa imewapata wasomaji wake wa dhati, watoto wa miaka 9 hadi 13. Ni umri wa pekee. Mtoto ameshaweza kusoma kitabu kirefu peke yake. Ameshaanza kuuliza kwa nini, na jibu la “ndivyo ilivyo” halimtoshi tena. Lakini nyumbani hana analoamua, hata saa ya kulala anapangiwa. Mpe kitabu ambamo mtoto mwenzake anatakiwa kuamua, na uamuzi wake ukiwa na makosa watu watakufa, utamwona anavyokisoma.

Vipo vitabu vingi vya aina hii ambavyo sayansi yake ni mapambo tu. Kuna roketi, kuna roboti, kuna vitufe vinavyometameta, lakini ukiviondoa ukaweka farasi na upanga hadithi inabaki vilevile. Watoto huvisoma, hukua, huvisahau. Vitabu vinavyokaa ni vile ambavyo fundo la hadithi limefungwa kwa kanuni ya maumbile, na mtoto hawezi kulifungua kwa ujasiri pekee. Lazima ajue kitu.

Mfano ninaoupenda uko Mwezini. Robert Heinlein, Mmarekani aliyestaafu jeshi la majini kwa ugonjwa akageukia uandishi, aliiandikia kampuni ya Scribner's ya New York riwaya 12 za vijana kuanzia 1947 hadi 1958, karibu moja kila mwaka. Mhariri wake, Alice Dalgliesh, alizozana naye mara kadhaa, kwa mfano juu ya watoto kubeba silaha katika hadithi ya sayari ya Mirihi. Ya mwisho kati ya hizo 12, *Have Space Suit—Will Travel*, inamhusu Kip, kijana anayetamani kufika Mwezini. Anaingia shindano la kampuni ya sabuni akitumaini kushinda tiketi. Anachopata ni suti kuukuu ya anga, na anakaa nayo miezi akiitengeneza: anaziba panapovuja, anatafuta vipuri, anajifunza jinsi hewa inavyopita ndani yake. Kurasa hizo za ufundi zingeweza kumchosha msomaji, lakini hazimchoshi, maana anahisi kwamba atazihitaji.

Naye anazihitaji. Kip anatekwa na viumbe wabaya, anajikuta Mwezini kweli, na pamoja na Peewee, msichana wa miaka 11 mwenye akili kuliko watu wazima wengi wa kitabu hicho, anatoroka kwa miguu juu ya ardhi isiyo na hewa. Njiani hewa inakaribia kwisha. Mtungi uliojaa wanao, lakini haukubali kuunganishwa na suti, kwa sababu waliotengeneza vichwa vya mitungi hiyo hawakukubaliana juu ya mtindo mmoja. Fundi yeyote wa Gerezani au Gikomba analijua balaa hilo: hesi ya kitu hiki na ya kile hazipatani. Kip anaunga kwa plasta ya kufungia vidonda, na wanasubiri kuona kama itashika. Nimesoma mapigano mengi ya nyota na nyota, na hakuna hata moja lililonishika pumzi kama kile kipande cha plasta. Mtoto anayesoma pale anajifunza jambo ambalo darasa la sayansi kwa kawaida halipati nafasi ya kumwambia, kwamba maarifa madogo, ya mikononi, yanaweza kuwa ndiyo uhai wenyewe.

Heinlein ana upungufu wake. Watoto wake shujaa kwa kawaida ni wavulana wa Kimarekani wenye kujiamini kupita kiasi, na Peewee ni nadra kati yao. Madeleine L'Engle alikuja na jambo tofauti mwaka 1962, katika *A Wrinkle in Time*, kitabu kilichokataliwa na wachapishaji wengi kabla hakijapata kwa kutokea, kisha mwaka uliofuata kikapewa medali ya Newbery. Meg, msichana mkali wa hesabu lakini mwenye matatizo shuleni, anavuka anga kumtafuta baba yake mwanasayansi, na anafika sayari ya Camazotz ambako watoto wote hudundisha mipira yao kwa mpigo mmoja. Kitabu hicho nakiheshimu, ila sayansi yake inafungua mlango tu. Kinachomshinda adui mwishoni ni upendo wa Meg kwa mdogo wake. Kwa hoja ninayoifuata hapa, nahitaji mwandishi asiyeachia kanuni zake hata dakika ya mwisho.

Mwandishi huyo ni Sam Youd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki 2012, ambaye vitabu vyake vya vijana alivitia jina la John Christopher. Riwaya zake tatu za Tripodi zilitoka kati ya 1967 na 1968: *The White Mountains*, *The City of Gold and Lead* na *The Pool of Fire*. Kama ningeruhusiwa kumpa mtoto wa darasa la sita hadithi moja tu ya aina hii, ningempa hii.

Dunia yake iko mbele ya wakati wetu, lakini inafanana na ya zamani. Watu wanaishi vijijini, wanalima, wanasafiri kwa farasi. Juu yao zinatembea mashine kubwa za miguu mitatu. Kila kijana akifika miaka 14 anachukuliwa na mashine hizo, anarudishwa akiwa amepandikizwa kofia ya nyuzi za chuma kichwani, na kuanzia hapo hana tena hamu ya kuhoji. Kijiji kinaifanya siku hiyo kuwa sherehe. Wazazi wanalia kwa furaha. Will, mvulana wa miaka 13, anamwona rafiki yake Jack akiondoka akiwa na maswali na kurudi akiwa hana, na mwaka wake mwenyewe unakaribia.

Ni vigumu kueleza ukatili wa wazo hilo kwa mtu asiyekumbuka alivyokuwa katika umri ule. Mtoto wa miaka 12 anahofia kwamba siku moja atakuwa kama wakubwa, atanyamaza, atakubali, na hatajua hata kwamba amekubali. Jamii zetu za pwani na bara zina jando na unyago, kuvuka utoto kwa hadhara, kwa ngoma na mafunzo, na msomaji aliyelelewa humo ataitambua mara moja sherehe ya kofia, kisha atashtuka kuona kilichobadilishwa. Jandoni kijana hupewa maarifa ya ukubwa, naye Will anajua kwamba siku yake ikifika atanyang'anywa hata aliyonayo.

Will anakimbia na binamu yake Henry, ambaye hawapatani. Wanavuka bahari hadi Ufaransa, wanakutana na Jean-Paul, mvulana mrefu mwembamba aliyejitengenezea miwani na anayewaza jinsi mvuke unavyoweza kusukuma magari. Wanapita katika mji mkubwa uliokufa, Paris, na ndani ya njia zake za reli za chini ya ardhi wanaokota mabomu ya mkono bila kujua ni nini. Wanakoelekea ni Alps, ambako kuna watu wasiovaa kofia.

Kanuni ya maumbile inaingia kwa uzito wake wote katika kitabu cha pili. Will anajipenyeza katika mji wa mabwana wa mashine hizo. Viumbe hao wametoka kwenye sayari nyingine, na ndani ya kuba la mji wao wamejitengenezea mazingira ya kwao: joto kali, hewa ambayo binadamu hawezi kuivuta, na mvutano mkubwa kuliko wa Dunia. Watumwa wa kibinadamu huvaa vinyago vya kupumulia na hutembea kama waliobebeshwa mizigo, na hawachukui muda mrefu kufa. Mtoto anayesoma anaelewa uzito ni nini kuliko anavyoelewa kwa kukariri fomula, kwa sababu anaona magoti ya Will yanavyotetemeka na jinsi anavyolazimika kulala kila apatapo nafasi. Halafu Will anagundua mpango wa mabwana: wanataka kuibadilisha hewa ya Dunia nzima iwe kama yao, na chombo chenye mitambo ya kazi hiyo kiko njiani.

Ushindi nao umefuata njia hiyohiyo. Silaha ya binadamu katika kitabu cha tatu inapatikana kwa bahati, bwana mmoja aliyetekwa anapokunywa kilevi na kuzimia. Pombe, ambayo kwa mtu ni kilevi tu, mwili wao hauihimili hata kidogo. Wapiganaji wanaiingiza katika maji ya miji yao mitatu. Miwili inaanguka. Wa tatu, ulioko Panama, unasalia, na kinachotumika dhidi yake ni maputo yaliyobeba mabomu, yaani chombo kilekile ambacho Verne alikipaisha kutoka Zanzibar. Henry, yule binamu asiyependwa, anakufa akilishikilia bomu lisiteleze juu ya kuba. Na baada ya ushindi, mataifa yanakutana kupanga amani, yanagombana, mkutano unavunjika. Youd hakuona sababu ya kuwaficha watoto kwamba watu waliorudishiwa akili zao huru wanaweza kuzitumia vibaya. BBC ilianza kuigiza hadithi hizi kwenye televisheni mwaka 1984 na ikasimama kabla ya kufika kitabu cha tatu, kwa hiyo watazamaji wengi hawakupata mwisho huo. Kitabu bado kipo.

Afrika imeingia katika vitabu hivi kwa milango kadhaa tangu siku za puto la Verne. Nancy Farmer, Mmarekani aliyeishi na kufanya kazi Msumbiji na Zimbabwe, alichapisha *The Ear, the Eye and the Arm* kwanza huko Zimbabwe mwaka 1989, akaiandika upya kwa toleo la Marekani la 1994. Ni Zimbabwe ya mwaka 2194. Watoto watatu wa jenerali, Tendai, Rita na Kuda, wamefungiwa nyumbani kwa usalama wao, wanatoroka kwa siku moja na wanatekwa. Wanafanyishwa kazi katika jalala la kale ambalo watu wanalichimba kama mgodi, wakitafuta plastiki. Baadaye wanafika kijiji kilichozungushiwa ukuta ili kuhifadhi maisha ya jadi. Panaonekana pepo, mpaka wanapozaliwa mapacha na mmoja inasemekana lazima auawe. Mtu anaweza kubishana na Farmer, aliyekuja kutoka nje, juu ya alichochagua kuonyesha. Mimi nabishana naye. Lakini lile jalala liko sawa kabisa: mtoto wa Dandora au Pugu hahitaji kufafanuliwa namna taka za wengine zinavyogeuka riziki.

Nnedi Okorafor, mzaliwa wa Marekani wa wazazi Wanigeria, alikwenda mbali zaidi mwaka 2005. Katika *Zahrah the Windseeker* kompyuta huota kutokana na mbegu na nyumba hukuzwa kama miti. Zahrah, msichana mwenye nywele zilizofungamana na mimea inayotambaa, anaingia msitu uliokatazwa kutafuta yai la mnyama mkali litakalomponya rafiki yake aliyeumwa na nyoka. Mwaka 2008 kitabu hicho kilipata tuzo ya fasihi ya Afrika yenye jina la Wole Soyinka. Kilichonivutia ni kitabu kingine ndani yake, mwongozo wa msituni ambao Zahrah anautegemea, ulioandikwa na wapelelezi waliohatarisha maisha yao ili wajue.

Nilipousoma mwongozo huo nilimkumbuka Shaaban Robert. *Kusadikika*, iliyochapishwa 1951, ni nchi iliyoko angani, na Karama anayeshtakiwa humo anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, ikiwemo mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa yenye faida, wakatupwa gerezani. Tunaifundisha kama hadithi ya siasa, na ndivyo ilivyo, lakini mifupa yake ni ya riwaya ya uvumbuzi: nenda usikojua, tazama, rudi useme ukweli. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alitoa *Walenisi*, ambamo Dzombo aliyehukumiwa kifo anafungiwa katika chombo kinachorushwa angani, na badala ya kufa anatua nchi nyingine yenye haki. Kiswahili hakikosi anga. Tena vizazi vilivyosoma *Kisiwa chenye Hazina* na *Safari za Gulliver* shuleni vilionja safari za hatari kwa Kiswahili kizuri mno.

Kinachokosekana ni rafu ya katikati. Mtoto wa Kiswahili ana vitabu vifupi vya picha, ana ngano za sungura na fisi, kisha kwa ghafla anakabidhiwa riwaya teule za sekondari. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vinavyonunuliwa na shule, na kitabu cha kurasa 200 anachosoma mtoto kwa sababu tu hawezi kukiacha hakina mtihani wa kukibeba. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mali ghafi tunayo, na sehemu yake iko Ngomeni.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Baharini mbele yake Waitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco, na kuanzia 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo kwenda kwenye mzunguko wa Dunia. Pahali palichaguliwa kwa sababu ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuipigia hesabu. Ikweta iko karibu, nyuzi 3 hivi tu kaskazini, na pale Dunia inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekezwa mashariki inaanza safari ikiwa imeshazawadiwa mwendo huo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama miale ya eksirei kutoka angani, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi, akaiita Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Huenda wavuvi wa Ngomeni waliiona ikipanda.

Mwandishi atakayekaa kuiandika riwaya ya rafu hiyo ya katikati asianze na roketi. Aanze na maji. Mtoto wa Ngomeni, au wa Jambiani, au wa Kilwa, anaijua tayari kanuni moja ya anga ambayo mtoto wa bara la mbali huisoma vitabuni tu: mwezi ukiwa mwandamo au mpevu bahari huvuta bamvua, ikajaa sana na kupwa sana, na katikati huja maji mafu, na kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Katika bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4. Sasa weka kipande cha setilaiti juu ya fungu la mchanga linaloibuka kwa bamvua tu. Weka msichana wa miaka 11 ambaye bibi yake hukusanya pweza na amemfundisha kuzihesabu siku za mwezi. Weka watu wazima wenye boti ya injini na ramani nzuri, wanaokitafuta kipande hicho kwa sababu zao, na ambao ratiba yao ya maji ni ya bandari nyingine. Wao wanadhani wana saa tatu juu ya fungu lile. Msichana amehesabu, amepata moja na nusu, na lazima aamue kama atawaambia.